Louis Renault, mtu aliyeificha breki ndani ya gurudumu

Mwaka 1902 Mfaransa mwenye umri wa miaka 25 aliandikisha muundo wa breki ambao hadi leo unazisimamisha bodaboda, teksi na malori katika barabara za vumbi za Afrika Mashariki. Miaka 42 baadaye alifariki akiwa chini ya ulinzi, kabla mahakama haijaamua kama alikuwa msaliti wa nchi yake.

Barabara inayotoka mjini Mbarara kuelekea Nakivale hupanda na kushuka vilima vya wilaya ya Isingiro, na kabla ya kufika Base Camp lami huwa imekwisha, nafasi yake ikachukuliwa na udongo. Wakati wa kiangazi barabara hiyo ni vumbi. Mvua zikinyesha ni tope. Tangu makazi hayo ya kusini magharibi mwa Uganda yaanze kupokea wakimbizi kutoka Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950, njia hiyo imewabeba Wanyarwanda, Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Wako walioingia na vifurushi vyao juu ya malori, na wako waliotoka kwa mabasi ya safari ya kwenda kuanza maisha mapya ng'ambo.

Vyombo vingi vinavyopita hapo vinafanana katika jambo moja. Lori linaloleta mahindi, teksi aina ya Toyota Hiace na bodaboda inayobeba abiria wawili pamoja na gunia, vyote hutegemea breki za dramu, angalau katika magurudumu ya nyuma. Mtu aliyezipa breki hizo umbo lake la kudumu ni Louis Renault, ambaye jina lake leo hujulikana zaidi kama chapa ya magari kuliko kama jina la binadamu aliyeishi, akafanikiwa, akachukiwa na akafa katika fedheha.

Mtoto asiyependa darasa

Louis Renault alizaliwa Paris mwezi Februari 1877 katika familia yenye uwezo. Baba yake, Alfred, alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa na vifungo vya nguo, na alitarajia wanawe waiendeleze kazi hiyo. Kaka zake wakubwa, Fernand na Marcel, waliifuata njia ya baba. Louis hakuvutwa na madaftari ya hesabu za duka wala na masomo ya darasani. Kilichomvuta ni mashine. Akiwa bado mtoto alisisimuliwa na magari ya mvuke ya mhandisi Léon Serpollet, mmoja wa waanzilishi wa usafiri wa magari nchini Ufaransa.

Familia hiyo ilikuwa na nyumba ya pili huko Billancourt, kando ya mto Seine, magharibi mwa Paris. Katika kibanda kilichokuwa bustanini, Louis alijitengenezea karakana. Alipojaribu kuingia chuo maarufu cha uhandisi cha École Centrale, alishindwa mtihani. Tangu hapo kibanda kile ndicho kilichokuwa chuo chake.

Mwaka 1898 alichukua chombo cha magurudumu matatu kilichotengenezwa na kampuni ya De Dion-Bouton akakigeuza kuwa gari dogo la magurudumu manne. Badala ya mnyororo, uliokuwa ukipiga kelele na kukatika, alipeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma kwa shafti. Aidha alibuni giaboksi ambayo katika gia ya juu iliunganisha injini na shafti moja kwa moja, bila nguvu kupotea njiani kati ya meno ya gia.

Usiku wa tarehe 24 Desemba mwaka huo, mkesha wa Krismasi, alilipandisha gari hilo katika mtaa wa Lepic, kwenye kilima cha Montmartre, mojawapo ya miinuko mikali ya Paris. Marafiki waliokuwapo walistaajabu, na kabla usiku haujaisha alikuwa na oda 12. Februari 1899 alipata hataza, yaani hati ya kulinda haki ya ubunifu wake, na mwezi huohuo kaka zake wakaanzisha kampuni ya Renault Frères. Wao ndio walioweka fedha. Louis aliweka akili na mikono.

Tatizo la kusimama

Gari linaloweza kupanda Montmartre ni lazima pia liweze kushuka. Katika miaka ile wabunifu wengi walishindana kuongeza mwendo, ilhali njia za kusimama zilikuwa zile zilizorithiwa kutoka kwenye mikokoteni ya farasi na baiskeli. Kanuni ya maumbile haikuwasaidia: mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati ambayo breki inapaswa kuimeza huongezeka mara nne, nayo yote hugeuka kuwa joto.

Mkokoteni ulisimamishwa kwa kipande cha mbao kilichokandamizwa juu ya ukingo wa chuma wa gurudumu. Njia hiyo ilikufa mara tu magari yalipoanza kuvaa matairi ya mpira yenye upepo, ambayo kampuni ya Michelin iliyaleta katika mashindano ya magari mwaka 1895, kwa kuwa mbao ingeyachana. Waliofuata walizungusha ukanda nje ya dramu iliyofungwa kwenye ekseli au gurudumu, ukavutwa kwa wenzo hadi ukabana. Katika njia kavu ukanda ule ulifanya kazi. Lakini ulikuwa uchi mbele ya maji, tope, vumbi na mafuta, ukateleza au ukalika upesi. Zaidi ya hayo, gari likikwama mlimani na kuanza kurudi nyuma, ukanda wa aina nyingi ulilegea badala ya kukaza, na hapo dereva alibaki hana msaada.

Mjerumani Wilhelm Maybach alikwisha kutumia breki za dramu za namna sahili katika magari aliyoyabuni mwanzoni mwa karne. Mwaka 1902, Mwingereza Frederick Lanchester aliandikisha njia tofauti: sahani ya chuma inayobanwa pande zote mbili, ambayo ndiyo asili ya breki za diski za leo. Wazo la Lanchester lilikuwa zuri, ila lilikuja kabla ya wakati wake. Vipande vya shaba alivyotumia kubana vilipiga kelele kali na kulika haraka katika barabara za vumbi za siku zile.

Mwaka huohuo Louis Renault aliandikisha jibu lake. Alichukua kilichokuwa nje akakiweka ndani. Dramu ilibaki ikizunguka pamoja na gurudumu kama sufuria iliyolazwa ubavu. Ndani yake mlikaa vyuma viwili vilivyopinda kama mwezi mwandamo, ambavyo mafundi wa leo huviita shuu. Dereva alipokanyaga breki, wenzo uligeuza kipande kidogo cha chuma kilichokaa kati ya ncha za shuu hizo, zikatanuka na kuusukuma ukuta wa dramu kutoka ndani.

Muundo huo ulikuwa na faida mbili. Kwanza, sehemu zinazosuguana zilifunikwa, hivyo tope na vumbi la barabara havikuzifikia kwa urahisi. Pili, dramu inapozunguka huivuta shuu ya mbele na kuizidi kuibana yenyewe, kwa hiyo mguu wa dereva hupata msaada kutoka katika mwendo wa gari lenyewe. Gari zito likaweza kusimamishwa na mtu wa kawaida, kwa vyuma vichache na kwa gharama ndogo. Faida hizo mbili ndizo zilizoifanya dramu idumu mahali ambapo barabara ni mbaya na fedha ni haba.

Vumbi la njia ya Madrid

Mwezi Mei 1903 yalifanyika mashindano ya magari kutoka Paris kwenda Madrid. Zaidi ya magari 200 yaliondoka kwa mwendo ambao mengine yalipita kilomita 100 kwa saa, katika barabara za udongo zilizojaa watazamaji. Louis na Marcel walishiriki wote wawili, kila mmoja akiendesha gari lake.

Karibu na kijiji cha Couhé-Vérac, kusini mwa mji wa Poitiers, Marcel alijaribu kulipita gari lililokuwa mbele yake ndani ya wingu zito la vumbi. Hakuiona kona. Gari lilipinduka, naye akafariki baada ya siku mbili, akiwa na umri wa miaka 31. Louis aliipata habari ya ajali alipofika Bordeaux, akiwa miongoni mwa waliotangulia, akajiondoa mara moja. Watu wengine pia walikufa siku hiyo, wakiwamo watazamaji, na serikali ya Ufaransa ikayasitisha mashindano hapohapo Bordeaux.

Hakuna breki ambayo ingemwonyesha Marcel kona asiyoiona. Hata hivyo msiba huo ulimbadilisha mdogo wake. Louis aliacha kushindana kama dereva. Fernand alipougua na kufariki mwaka 1909, kijana wa kibandani alibaki peke yake juu ya kampuni, na wengi waliomjua walisema kwamba tangu hapo alizidi kuwa mkimya, mgumu na mwenye kutaka kila uamuzi upite mikononi mwake.

Teksi, saa na vifaru

Kampuni ilikua kwa kasi. Kuanzia mwaka 1905 oda kubwa za teksi ziliiingiza katika utengenezaji wa magari kwa wingi, na teksi za Renault zikaonekana Paris na London. Mwaka 1911 Louis alikwenda Marekani kuona kiwanda cha Henry Ford. Alirudi akitaka kila kazi ya mfanyakazi ipimwe kwa saa. Wafanyakazi wa Billancourt waliona kuwa wanageuzwa kuwa sehemu ya mashine, wakagoma mwishoni mwa 1912 na tena mwaka 1913. Hawakushinda, na uhusiano kati ya mwenye kiwanda na watu wake haukupona tena.

Vita Kuu ya Kwanza vilimpa heshima kubwa. Septemba 1914 mamia ya teksi za Paris, nyingi zikiwa za Renault, zilitumika kubeba askari kuelekea mapigano ya Marne. Baadaye kiwanda chake kilitengeneza kifaru chepesi cha FT, chenye mzinga uliowekwa kwenye kichwa kinachozunguka na injini nyuma, mpangilio ambao vifaru vingi vimeufuata hadi leo. Vita vilipokwisha mwaka 1918 alitunukiwa nishani ya taifa ya Legion of Honour. Mwaka huohuo alimwoa Christiane Boullaire, na mwaka 1920 wakapata mtoto wao wa pekee, Jean-Louis.

Katika miaka ya 1920 magari ya Renault ya magurudumu sita yalivuka Jangwa la Sahara. Kufikia mwisho wa muongo huo, kiwanda kipya kilikuwa kikisimama juu ya kisiwa cha Seguin, katikati ya mto Seine.

Dramu yaboreshwa na mikono mingi

Wakati Renault akishughulika na himaya yake, breki aliyoiandikisha ilikuwa imeshakuwa mali ya ulimwengu, na wengine waliendelea kuziba mapengo yake.

Pengo la kwanza lilikuwa idadi. Kwa miaka mingi magari yalikuwa na breki kwenye magurudumu ya nyuma tu, kwa hofu kwamba breki za mbele zingelipindua gari au kuuvuruga usukani. Mfaransa Henri Perrot alikuwa miongoni mwa waliothibitisha kwamba breki za magurudumu yote manne zinawezekana, na mwaka 1919 gari la kifahari la Hispano-Suiza H6 lilizitumia pamoja na kifaa cha kuongeza nguvu ya mguu.

Pengo la pili lilikuwa usawa. Waya na fito zilizovuta breki hazikuvuta sawasawa kila upande, na gari lilivutwa kando. Mmarekani Malcolm Loughead alitumia mafuta ndani ya mabomba, kwa sababu mafuta yaliyofungiwa husukuma kwa nguvu ileile kila mahali. Mwaka 1921 gari la Duesenberg likatoka na breki za mafuta kwenye magurudumu yote. Malori makubwa baadaye yalipata breki za upepo, lakini mwisho wa bomba la upepo bado palikuwa na shuu mbili ndani ya dramu.

Pengo la tatu, ambalo halijazibika kikamilifu, ni joto. Kifuniko kinachozuia vumbi kuingia huzuia pia joto kutoka. Dereva akikanyaga breki mfululizo kwenye mteremko mrefu, dramu hupata moto, hutanuka na kujitenga na shuu; lainingi nayo hupoteza mshiko. Mguu unakanyaga, gari halisikii. Wahandisi walijibu kwa dramu nzito za chuma cha kusubu, mapezi ya kupoza hewa upande wa nje, na vifaa vya kurekebisha nafasi ya shuu kadiri zinavyolika. Ndiyo maana walimu wa udereva husisitiza gia ndogo kwenye mteremko, ili injini isaidie kulizuia gari, na hukataza kuondoa gia kwa nia ya kubana mafuta.

Kukaliwa, kukamatwa, kufa

Mwaka 1936 wafanyakazi wa Billancourt walikikalia kiwanda katika wimbi la migomo lililoitikisa Ufaransa nzima, na mgomo mwingine wa Novemba 1938 uliishia kwa watu wengi kufukuzwa. Ujerumani ya Hitler ilipoivamia Ufaransa mwaka 1940, Louis Renault alikuwa tajiri, mzee na mwenye maadui wengi ndani ya kuta zake mwenyewe.

Siku nchi yake ilipokuwa ikianguka, yeye alikuwa Marekani kwa shughuli za vifaa vya vita. Angeweza kubaki huko, alirudi. Kiwanda chake kiliwekwa chini ya usimamizi wa Wajerumani, na kwa miaka minne kilitoa malori kwa ajili ya jeshi lao. Wanaomtetea husema kwamba kama angekataa, mashine na wafanyakazi vingehamishiwa Ujerumani. Wanaomlaumu hujibu kwamba malori yale yaliwabeba askari wa mvamizi, na kwamba alikiokoa kiwanda kabla ya nchi. Usiku wa tarehe 3 Machi 1942 ndege zaidi ya 200 za Uingereza zilikipiga mabomu kiwanda hicho. Mamia ya raia wa Billancourt waliuawa. Afya ya Louis ilikuwa ikidhoofika, na ugonjwa ukamnyang'anya uwezo wa kuzungumza vizuri na kuandika.

Paris ilikombolewa Agosti 1944. Tarehe 23 Septemba alikamatwa kwa tuhuma za kufanya biashara na adui, akapelekwa gereza la Fresnes. Hali yake ilizorota haraka. Alihamishiwa hospitalini, na tarehe 24 Oktoba 1944 akafariki, akiwa na umri wa miaka 67. Familia yake ilidai kwamba alipigwa gerezani. Mwaka 1956 mwili wake ulifukuliwa ili uchunguzwe, lakini dai hilo halikuthibitishwa.

Kesi haikusikilizwa kamwe. Tarehe 16 Januari 1945 serikali ya Jenerali de Gaulle ilikitaifisha kiwanda, na mtu ambaye hakuwahi kusimama kizimbani akawa amehukumiwa katika mali yake. Miongo mingi baadaye wajukuu wake walikwenda mahakamani kupinga utaifishaji huo bila kufanikiwa. Wanahistoria bado hawakubaliani juu ya kipimo cha hatia yake, na kwa kuwa ushahidi haukupimwa mbele ya hakimu akiwa hai, huenda mabishano hayo yasiishe.

Kilichobaki ndani ya dramu

Urithi wake wa kiufundi nao una pande mbili. Ili kuhimili joto, kwa miongo mingi lainingi za breki zilitengenezwa kwa asbestosi. Nyuzi zake haziungui kirahisi, lakini vumbi lake likiingia mapafuni huweza kusababisha saratani miaka mingi baadaye. Mafundi waliofungua dramu na kupuliza vumbi lililojaa ndani ndio waliokuwa hatarini zaidi. Ufaransa iliipiga marufuku asbestosi mwaka 1997, na marufuku kamili nchini Australia ilianza mwishoni mwa 2003. Si kila nchi imefanya hivyo, na kifurushi cha lainingi za bei rahisi hakitaji kila mara kilichomo. Kwa fundi yeyote, awe Mbarara au ng'ambo, njia salama ni kulifuta vumbi hilo kwa kitambaa kilicholowa badala ya kulipuliza kwa mdomo au kwa pampu.

Magari madogo ya kisasa yamehamia kwa sehemu kubwa kwenye diski, wazo la Lanchester lililosubiri nusu karne hadi Jaguar iliposhinda nalo mbio za Le Mans mwaka 1953. Kampuni yenye jina la Renault yenyewe ilitoa gari dogo la Renault 8 mwaka 1962 likiwa na diski kwenye magurudumu yote manne.

Lakini katika vibanda vya mafundi kati ya Mbarara na Base Camp, dramu bado inatawala. Shuu iliyolika huweza kuvikwa lainingi mpya kwa ribiti na nyundo. Breki ya nyuma ya bodaboda hukazwa kwa kuzungusha nati moja. Vipuri ni rahisi kupatikana, na tope la Isingiro hubaki nje. Ni breki inayomsamehe maskini mengi, isipokuwa uzembe: shuu zilizokwisha hazionekani mpaka dramu ifunguliwe, na abiria hana namna ya kujua kilichomo ndani. Dereva anayeifungua na kuikagua kabla ya safari, kabla hajaushuka mteremko na watu nyuma yake, anaikamilisha kazi ambayo Louis Renault aliianza mwaka 1902.